Aliyefungua Geti la Shamba Chini ya Daraja

Halikuvunjwa.

Nawajibu ninyi nyote mliopiga simu gazetini wiki nzima mkiuliza kufuli la geti la shamba lilivunjwa kwa nyundo au lilikatwa kwa msumeno. Wapi! Lilikuwa zima, linaning'inia kwenye mnyororo wake, limefunguliwa kwa ufunguo, kwa raha zake, kama mtu afunguavyo kwake. Ndiyo maana Msusi alisimama pale asubuhi ile na kopo la kumwagilia mkononi, akashindwa hata kupiga yowe.

Ndani, tingatinga lilikuwa linanguruma. Tuta la bamia lilikuwa limeshasagwa. La biringanya lilikuwa linangoja zamu yake.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, shika haya upesi. Jiji lilibomoa nyumba za watu ili kupitisha barabara kuu ya juu. Likasimamisha nguzo za zege, likamwaga kipande cha barabara angani, kisha kazi ikafa, wajenzi wakaondoka, nondo zikabaki zimechomoza juu zinaota kutu. Chini kukawa kichaka, jalala na maficho ya vibaka. Msusi, mwenye saluni ng'ambo ya pale, pamoja na shoga yake Muuguzi, wakawaita majirani wakafyeka, wakazoa kifusi, wakalima.

Jiji likawaruhusu, ila kwa muda tu. Kibali kikatoka kwa jina la mama yake Msusi, kwa kuwa katika wote waliobomolewa pale, ni yeye peke yake aliyebaki mtaani. Na sharti likawekwa kuwalinda: mashine yoyote isiingie shambani mpaka wenye shamba wafungue geti kwa mkono wao wenyewe; wakifungua, wameachia kibali chao.

Basi mkono umefungua.

"Zima hilo dude! Zima nakwambia!"

Dereva akazima. Alikuwa mtu mzima mwenye taulo shingoni, mtaratibu, asiye na ugomvi na mtu.

"Habari za asubuhi, dada."

"Habari za asubuhi zitoke wapi? Nani kakuingiza humu?"

"Mwenye shamba."

"Mwenye shamba ni mimi!"

"Basi mko wengi. Mwenzako kanifungulia mwenyewe, kanikaribisha, kaenda zake."

"Mwenzangu gani?"

"Dada yangu, mimi nimeajiriwa kuendesha. Kutaja watu hakumo katika kazi yangu." Akashuka, akatoa chupa ya chai chini ya kiti. "Ila naona una uchungu. Nitakunywa chai yangu polepole. Ikiisha, naendelea. Bosi akinikuta nimekaa, sina kazi."

Chupa ile ilikuwa kubwa. Msusi akamshukuru Mungu kwa ukubwa wake, akatimua mbio.

Kufuli lile lilikuwa na funguo mbili tu. Mmoja alikuwa nao yeye, kifuani, chini ya gauni. Wa pili alikuwa nao mtu ambaye Msusi angemwachia hata roho yake amshikie.

Zahanati ilikuwa imejaa akina mama na watoto wachanga. Msusi akaipita foleni yote.

"Foleni, dada!" mmoja akamkemea. "Sote tunaumwa hapa."

"Mimi siumwi. Nimeumizwa."

Muuguzi alikuwa amemning'iniza mtoto kwenye mizani, anasoma uzito. Kichwani alikuwa na nywele alizosukwa na Msusi Jumapili iliyopita, bure, kama siku zote.

"Shoga, umeniuza?"

"Nimekuuza nini tena? Mbona unatweta?"

"Tingatinga limo shambani. Geti limefunguliwa kwa ufunguo. Wangu huu hapa. Wako uko wapi?"

Muuguzi akamtoa mtoto kwenye mizani, akamkabidhi kwa mama yake.

"Wangu alikuja kuuchukua shemeji. Mumeo. Aliniambia bomba la tangi linavuja na wewe una mteja, asikusumbue. Ningemnyima?" Machozi yakamlenga. "Jamani, mimi nikuuze wewe? Mimi niliyezoa vigae na misumari na wewe mpaka viganja vikatoka damu? Unanitazamaje hivyo?"

Msusi akaona aibu. Akamkumbatia mbele ya wagonjwa.

"Nisamehe, shoga. Sijui hata nasema nini."

"Wewe tangulia. Naomba ruhusa kwa daktari, nakufuata nyuma nyuma."

Mumewe, Fundi Bomba, alikuwa na kazi kwenye jiko la hoteli moja karibu na stendi. Msusi akamkuta chini ya sinki. Yaani alikuta miguu tu, imenyooka sakafuni, kiwiliwili kimezama kabatini. Akaitambua kwa soksi, maana alizifua yeye.

"Bomba, ufunguo wa shamba uko wapi?"

"Si unao shingoni?"

"Ule uliouchukua kwa Muuguzi."

Spana ikatulia kidogo, kisha ikaendelea kuzunguka.

"Aa, ule. Nilimpa mama."

"Mama gani?"

"Mama yako, nani mwingine? Aliniomba jana. Alisema anataka kwenda kupaona palipokuwa nyumba yake, peke yake, bila kelele za watu. Mama mkwe akikuomba kitu kama hicho utamkatalia?"

"Bomba, geti liko wazi. Tingatinga limeingia. Bamia zote zimelala."

Kutoka chini ya sinki ikatoka sauti moja tu.

"Loo."

Msusi akangoja. Huyu ndiye mwanamume aliyekinga maji ya mvua kutoka juu ya daraja, akayashusha kwa mabomba hadi kwenye tangi, akayagawa kila tuta kwa mkono wake. Wageni wakija shambani alikuwa anawatembeza kwenye mabomba kabla ya mboga. Leo anaambiwa tingatinga limo, anasema loo. Wala hakutoa kichwa.

"Huji?"

"Nikiacha hapa maji yatafurika jiko zima. Tangulia, mke wangu. Nakuja."

Kila mtu siku ile alikuwa anamwambia atangulie.

Msusi aliishi na mumewe nyuma ya saluni. Chumba cha kulala kilikuwa kimoja, na sebule, na sebuleni kochi, na juu ya kochi, tangu siku nyumba yake ilipobomolewa, alilala mama yake.

Njiani kote alikuwa anajiambia kuwa mama kaibiwa ule ufunguo. Ametoka kuangalia, akausahau kwenye kufuli, mtu akapita. Mtu mzima husahau. Alikuwa ameshamtetea mama yake moyoni kabla hajasukuma mlango.

Mama alikuwa amekaa wima. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea na kilemba kipya. Shuka zake zilikuwa zimekunjwa vizuri pembeni, na miguuni pake palikuwa na begi limefungwa zipu.

"Mama, safari ya wapi?"

"Kwangu."

"Kwako wapi?"

"Hilo ndilo swali, mwanangu. Umewahi kujiuliza hata siku moja?"

Msusi akalitazama tena lile begi.

"Mama, ni wewe uliyefungua geti?"

"Ni mimi. Kwa mkono wangu huu."

Msusi akakaa sakafuni.

"Mama! Watu wanakula kutoka pale. Wajane wa mtaa huu, watoto wa shule, wote. Unajua tumelima pale kwa taabu gani. Mama, kwa nini?"

"Unajua mlipanda nini chumbani kwangu?"

"Chumbani kwako?"

"Vitunguu. Pale penye vitunguu vyenu ndipo kilipokuwa chumba changu cha kulala. Ndani ya chumba kile nilikuzaa wewe, mvua inamwagika nje, mkunga hajafika. Siku mlipochimba mkakuta vigae vya jikoni kwangu, mlifanya nini? Mkavipanga pembezoni mwa tuta viwe pambo. Mkapiga na picha, mnacheka. Jioni ukaniletea mchicha. Nikaupika, nikaula."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemea wapi? Kwenye kochi la watu?"

"La watu? Mama, leo mimi ndiye watu?"

Mama akatazama ukuta. Sauti yake ikashuka, na iliposhuka ndipo iliposikika vibaya zaidi.

"Shamba lenu la muda mnalililia. Na mimi je? Uliniambia, mama, kaa hapa kwa muda. Nikakaa. Wateja wako wakijaa saluni wanaletwa humu ndani, nakunja miguu wapate pa kukaa. Nikitaka kulala nangoja mumeo amalize mpira kwenye televisheni. Sikulalamika. Nilijua una moyo na mimi. Kumbe unanisema."

"Nani kakusema?"

"Wewe. Eti umechoka. Eti unaona haya wateja wakinikuta nimelala kinywa wazi. Eti siku nikipata pa kwenda, ndipo utapumua."

Msusi akaganda.

Maneno yale yalikuwa yake. Hayakuongezwa chumvi hata chembe. Aliyatamka mara moja tu, siku moja ya uchovu, na saa ile ile akayajutia. Lakini hakuyatamka kwa mumewe. Aliyatamka kwa Muuguzi, huku anamsuka.

"Mama, nani kakufikishia hayo?"

"Mkwe wangu. Ndiye pekee aliyenionea huruma katika nyumba hii. Akaniambia kuna bwana anatafuta pa kuegesha malori yake, na pale chini ya daraja panamfaa. Akasema, mama, kibali kina jina lako. Fungua geti tu, upewe nyumba yenye mlango wako mwenyewe, ukifunga umefunga. Asubuhi hii amenipa ufunguo, akanisindikiza mpaka getini. Gari litakuja kunichukua."

"Asubuhi hii? Bomba kaniambia alikupa jana, ukatazame palipokuwa nyumba yako!"

"Basi muulize yeye. Mimi sina sababu ya kukudanganya. Nimekwishafanya nililofanya."

Kwa hiyo Bomba alisimama pale getini. Aliona kufuli linafunguka. Kisha akaenda hotelini akajichimbia chini ya sinki, akasema loo.

Msusi alitaka kulia, alitaka kumpigia kelele mama yake, alitaka pia kumwomba msamaha, yote kwa mpigo. Hakuwahi hata moja. Huko nje makelele yalikuwa yameshaanza. Mama akainua begi lake, akatoka. Msusi akamfuata.

Getini walikuwa wamejaa majirani wenye majembe na ndoo. Mbele yao alikuwa Dobi, mfua nguo wa mtaa, mikono bado ina povu hadi kwenye viwiko. Nyuma yake dereva wa tingatinga alikuwa anamimina kikombe chake cha mwisho, na kwa kweli alikuwa anakimimina kwa upole mkubwa.

"Tunataka mtu!" Dobi alifoka. "Kufuli halijifungui. Yupo mwenzetu aliyekula njama na hawa. Ajitokeze! Leo hii anahama mtaa huu, na kitanda chake nambebea mimi mwenyewe kichwani!"

"Ahame!" watu wakaitikia.

Msusi akamtazama mama yake. Alikuwa amesimama katikati ya watu na begi lake, na majirani walimpisha kwa adabu, wakidhani anakwenda kuwaona ndugu. Mwanamke yule alishahamishwa mara moja kutoka pale pale, vyombo vyake vikirushwa barabarani mbele ya macho ya watu. Msusi alikuwepo siku ile. Anakumbuka mama alivyokuwa anakimbiza vifuniko vya sufuria vilivyokuwa vinabingirika.

Alikuwa na hasira kali na mama yake. Hata hivyo mdomo ukafunguka.

"Ni mimi."

Dobi akamgeukia.

"Wewe nini?" Dobi akauliza.

"Niliyefungua ni mimi."

"Acha utani wako, Msusi."

"Sitanii."

Hapo akamwona Bomba anapenya katika watu, kisanduku cha zana begani. Wasomaji wangu, msimcheke huyu dada. Baada ya yote aliyoyasikia, moyo wake bado ulipata nafuu. Alijisemea: mume wangu kakosa, lakini hataweza kusimama hapa akaona nasulubiwa kwa kosa lisilo langu. Atasema neno.

Na kweli, Bomba akasema neno.

"Jamani, mnisamehe kama mume wake," akasema, macho chini. "Nilimwona akifungua. Nilimkataza. Hakunisikia."

Donge la udongo likampiga Msusi begani. Lilirushwa na mzee mmoja ambaye mbegu zake za kwanza alipewa na Msusi mkononi. La pili likampata shavuni. Hakujikinga. Alikuwa anamtazama mumewe, na mumewe alikuwa anatazama kufuli.

"Acheni!"

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa ameweka begi chini, akasimama vumbini na gauni lake la kutokea.

"Mkimrushia yeye, nirushieni na mimi. Huyu mtoto anasema uongo. Niliyefungua ni mimi, kibali ni changu, na ufunguo nilipewa na huyu!"

Kidole chake kikamwelekea Bomba kifuani.

Watu wakageuka. Bomba akacheka kicheko kikavu.

"Mama ni mtu mzima, jamani. Siku hizi anachanganya mambo. Jana kaniita kwa jina la marehemu baba mkwe."

"Mimi?" Mama akashika kiuno. "Mimi nachanganya mambo?"

Na pengine wangemwamini, kwa sababu Bomba alikuwa na ulimi mtamu na mama alikuwa mkimya wa miaka. Lakini honi ikalia. Gari jeusi likasimama kando ya geti, likashuka jibaba lililovaa suti, linafuta jasho. Mtaani walishampa jina tangu alipoanza kupitapita pale: Bwana Suti.

"Mbona mashine imesimama?" akamuuliza dereva.

"Nakunywa chai, bosi."

Mama akaokota begi lake. Mbele ya watu wote wale, akatembea hadi kwenye gari, akashika mkono wa mlango wa nyuma. Haukufunguka.

"Unakwenda wapi, mama?" Bwana Suti akashangaa.

"Kwenye nyumba yangu. Si uliniahidi?"

"Mimi? Mimi sijapata kuzungumza na wewe, mama yangu. Nilipatana na mkweo. Nyumba nimeshampa."

"Bosi," Bomba akaruka, "bosi, tuzungumze pembeni."

"Tuzungumze nini? Mambo yako yameshakwisha. Nimetoka kule sasa hivi kukabidhi funguo. Mkeo ameshafika, anashusha vyombo. Amesema usisahau godoro."

Wale waliokuwa na udongo mkononi waliuachia ukadondoka taratibu.

"Mkewe yupi?" Dobi akauliza.

Bwana Suti akacheka, akadhani anataniwa. "Kwani anao wangapi? Yule muuguzi. Hata sare ya zahanati hajavua, maskini, anasema ametoroka kazini mara moja."

Msusi akageuza kichwa, akapitisha macho kwa watu wote, mmoja baada ya mwingine. Akina mama wa soko walikuwepo. Wazee walikuwepo. Shoga yake, aliyemwambia tangulia nakufuata nyuma nyuma, hakuwepo.

Ndipo kila kitu kikakaa mahali pake. Maneno aliyoyatamka akimsuka. Jinsi yalivyotoka kinywani mwa Muuguzi yakaingia sikioni mwa Bomba, na ni saa ngapi, na wapi, ambapo mume wa mtu na shoga wa mtu hukaa karibu kiasi cha kuambiana mambo kama yale. Machozi ya zahanati. Lile kumbatio mbele ya wagonjwa. Yeye, Msusi, ndiye aliyeomba msamaha!

"Mke wangu, nisikilize," Bomba akaanza.

"Ulisema ulinikataza," Msusi akamjibu, kwa sauti ya chini kabisa. "Eti sikukusikia, Bomba? Sikia sasa. Nyamaza."



Mama alikuwa bado ameshika ule mlango usiofunguka. Uso wake ulikuwa umeingia ndani, kama wa mtu aliyebomolewa mara ya pili. Lakini hakulia. Akamgeukia dereva wa tingatinga.

"Mwanangu, wewe si uliingia kwa sababu mwenye shamba alifungua?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwenye shamba anafunga. Nimekosa, naomba watu wote hawa wanisamehe. Toa dude lako."

Dereva akatazama ndani ya kikombe. Akamtazama bosi wake. "Bosi, naona na mafuta kama yamekata."

"Mafuta gani?" Bwana Suti akawaka. "Hii si michezo! Geti likishafunguliwa limefunguliwa. Kama mama amebadili mawazo, aende akaseme ofisi za jiji, tena leo, kabla ofisi hazijafungwa. Kesho ardhi ni yangu, na dereva nitaleta mwingine. Ni mbali, na mimi simbebi mtu."

Dobi akamtazama Msusi. Alikuwa anatafuta maneno ya kuomba radhi na hayaoni, kwa hiyo akafanya lililo jepesi kwake. Akaenda akakaa juu ya boneti la gari, na povu lake. Majirani wakaelewa. Wakalizunguka gari, majembe mabegani, bila kumgusa mtu.

"Nadhani utambeba," Dobi akasema.

Msusi akajifuta udongo shavuni. Akachukua begi la mama yake, akafungua mlango wa mbele, akamkalisha mama, akamfunga mkanda kama mtoto. Kisha akaingia nyuma, peke yake, kwenye kiti cha ngozi.

"Bwana, hebu nieleweshe," akasema. "Nyumba ulimpa nani?"

"Fundi Bomba," Bwana Suti akajibu, anatazama majembe. "Fundi na mkewe."

"Vizuri. Mkewe ni mimi. Cheti ninacho na mashahidi ni mtaa huu mzima. Washa gari. Tutakwenda jijini, lakini kwanza tupitie kwangu."

Bomba akaangusha kisanduku cha zana. Spana zikatawanyika barabarani, na hakuna jirani aliyeinama kumsaidia.

Ndani ya gari, mara moja tu mama alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, ukatafuta goti la binti yake, ukalipata. Msusi hakuuondoa mkono ule. Hakuushika pia.

Nyumba ilikuwa katika mtaa tulivu, mpya, rangi bado inanuka. Mapazia ya sebuleni yalikuwa yameshatundikwa. Mbele ya mlango palikuwa na viatu vyeupe vya zahanati, vimepangwa vizuri, jozi moja, kama vya mtu aliyefika kwake.

Msusi akabisha.

Kutoka ndani ikaja sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe, sauti ya uchangamfu, ya mwanamke aliyeshika ufagio na anayeimba kidogo kidogo.

"Ingia tu, mume wangu, sijafunga. Yule mjinga ameshajua?"